Nani Atamlipia Askari Minervali?

Februari 2010, wakufunzi wa jeshi la Marekani walianza kazi katika Camp Base, hapa Kisangani. AFRICOM, kamandi ya Marekani inayoshughulika na Afrika, ilikuwa imekubaliana na Kinshasa kuunda kikosi kimoja cha mfano ndani ya FARDC, jeshi la Kongo: askari wapatao 750, mazoezi ya miezi kadhaa, shabaha, doria, huduma ya kwanza, hata kilimo na ufugaji wa samaki ili kikosi kijilishe. Septemba mwaka huohuo kikahitimu kwa gwaride na hotuba, kikaitwa Batalioni ya 391. Wakufunzi wakafunga mizigo wakarudi kwao.

Mengi yameandikwa kuhusu kikosi hicho, hasa baada ya Novemba 2012, jina lake lilipotajwa katika ubakaji na uporaji waliotendewa raia wa Minova. Jambo moja dogo halikuandikwa popote. Agosti 1, 2009, miezi sita tu kabla ya mazoezi ya Kisangani kuanza, sheria mpya ilikuwa imeanza kutumika Marekani, ikimpa askari aliyetumikia baada ya Septemba 11, 2001 haki ya kulipiwa miezi 36 ya masomo. Kwa hiyo mkufunzi aliyesimama mbele ya mstari alikuwa na miaka minne ya chuo kikuu ikimsubiri nyumbani, maana mwaka wa chuo kule ni miezi tisa tu ya darasa. Aliyesimama ndani ya mstari alikuwa na namba yake ya jeshi, na mshahara ambao ukichelewa huchelewa bila maelezo.

Jua lilikuwa moja na vumbi lilikuwa moja. Walichotofautiana ni karatasi, na ni hiyo karatasi ninayotaka kuizungumzia, kwa kuanzia Kapalata.

Kapalata ni jina ambalo mtu wa Kisangani halitaji bila kufikiria magwanda. Machi 15, 1997 mji ulianguka mikononi mwa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, na katika safu zake waliingia vijana ambao wengi walikuwa hawajaota ndevu. Watu wakawaita kadogo, na jina likawaganda. Mwaka huohuo vijana wa Mai-Mai waliotolewa Kivu waliletwa katika kambi ya Kapalata kufundishwa uaskari. Kipindupindu kikaingia. Chakula kilikuwa haba, maji machafu, na wengi walikufa palepale, watoto wakiwamo, kabla hawajaona vita ambayo waliambiwa wamekuja kuipigana. Ripoti za haki za binadamu za miaka ile zinaitaja kambi hii kwa sababu hiyo, na wazee wa mji hawahitaji ripoti kukumbuka.

Waliopona waliendelea. Kukaja vita ya pili mwaka 1998, kukaja waasi wa RCD, kukaja siku sita za Juni 2000 ambazo Waganda na Wanyarwanda walipigana juu ya vichwa vyetu. Kisha kukaja amani ya makaratasi, serikali ya mpito ya 2003, na neno jipya la Kifaransa lililoingia katika kila mdomo: brassage, yaani kuwachanganya maadui wa jana katika jeshi moja. Kisangani ndiyo iliyotoa brigedi ya kwanza ya mchanganyiko huo mwanzoni mwa 2004, Wabelgiji wakiwa wakufunzi, ikapelekwa Ituri.

Hebu tumfuate mmoja tu, asiye na jina kwa kuwa wako wengi. Alikuwa na miaka 12 mwaka 1997, darasa la tano la shule ya msingi. Mwaka 2025 alifikisha miaka 40. Amevaa gwanda la AFDL, la RCD, la FARDC. Anajua kufungua bunduki na kuifunga gizani. Anazungumza Kiswahili cha nyumbani, Lingala ya kambini na Kifaransa cha amri, kile cha maneno machache yanayopigwa kwa sauti kubwa. Darasa la tano lenyewe hajalimaliza mpaka leo.

Kila programu iliyoundwa kwa ajili yake ilimuuliza swali moja: una bunduki? Akiwa nayo, aliulizwa la pili: unataka jeshi au uraia? Hakuna karatasi iliyokuwa na nafasi ya swali la tatu, kwamba uliishia darasa la ngapi na ungependa kumalizia wapi.

Dola 410

CONADER, tume ya taifa ya kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji uraiani, iliundwa mwishoni mwa 2003 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Utaratibu wake kwa mtu mzima aliyechagua uraia ulikuwa huu: siku ya kutoka kituoni unapewa dola 110, za usafiri na chakula cha njiani na mahitaji ya kuanzia. Baada ya hapo unalipwa dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, kupitia Celpay, kampuni iliyokuwa ikilipa watu kwa njia ya simu wakati ambapo jambo hilo lilikuwa bado geni Kongo. Jumla yake ni dola 410. Juu ya hizo kulikuwa na ahadi ya mradi wa kujitegemea, ambao kwa kawaida ulikuwa kilimo, uvuvi, useremala, ushonaji au biashara ndogo.

Sitaki kuidharau kazi hiyo. Watu zaidi ya laki moja waliweka silaha chini, na watoto wapatao elfu 30 walitolewa katika makundi na kurudishwa kwa familia zao. Kwa watoto shule ilikuwamo katika mpango, angalau kwenye maandishi. Lakini mtu mzima alihesabiwa kama tumbo linalohitaji kujazwa ili lisirudi porini. Akapewa nyundo, cherehani, jembe, nyavu, na mara nyingi akauza cherehani kabla ya kujua kutia uzi. Malipo ya kila mwezi yalichelewa, fedha zikapungua, na mwaka 2007 CONADER ikavunjwa, kazi ikapewa chombo kingine, kisha kingine. Cha sasa, P-DDRCS, kiliundwa Julai 2021. Hiki kimejifunza kitu: kinasema hakitampa mpiganaji fedha mkononi, bali kitasaidia jamii nzima anakorudi, barabara, soko, shule ya kijiji. Ni mawazo ya busara. Hata hivyo mlango wa kuingilia ni uleule. Huingii mpaka uwe ulikuwa msituni.

Hapo ndipo penye ubaya wenyewe, na nitausema bila kuzunguka. Kijana aliyekimbilia kundi la silaha, akakaa miaka miwili, akatoka na bunduki, ana ofisi ya kumpokea, ana karani wa kuandika jina lake, ana bajeti. Koplo aliyekaa miaka 20 katika FARDC, hakutoroka, hakuasi, alihamishwa kutoka Kisangani hadi Beni, kutoka Beni hadi Walikale, mke na watoto wakimfuata nyuma juu ya lori wakiwa na sufuria na godoro, huyo hana programu. Akistaafu, na kustaafu kwenyewe huchelewa mno katika jeshi letu kwa kuwa hakuna fedha za kumuaga mtu vizuri, anangoja pensheni. Akifa vitani, mjane anaanza kufuatilia faili.

Tazama milango mingine ambayo kupitia kwayo shule ya mtu wa vita hulipiwa katika ukanda wetu huu. Jirani zetu wa Ituri wanao mmoja. Machi 14, 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Desemba 2017 majaji wakaweka fidia kuwa dola milioni 10, na kwa kuwa mfungwa alionekana hana kitu, Mfuko wa Wahanga wa mahakama ukabeba mzigo wa utekelezaji. Waliokuwa askari watoto walipangiwa matibabu, ushauri wa kisaikolojia na msaada wa kujifunza kazi au kusoma. Na hapa Kisangani tuna FRIVAO, mfuko unaogawa fidia ya Uganda, baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuamua Februari 9, 2022 kwamba Kampala ilipe dola milioni 325, katika mafungu ya milioni 65 kwa mwaka. Fidia ile ni ya wahanga, si ya askari, na ni haki yao.

Ukijumlisha yote utaona sura ya ajabu. Mtu wa vita Kongo ya Mashariki anaweza kulipiwa shule ikiwa mkuu wake alifungwa The Hague. Anaweza kupata mtaji ikiwa alirudisha bunduki. Kwa kutumikia tu, kwa kufanya kile alichoapa kukifanya, hapati darasa hata moja.

Wamarekani nao waliogopa

Ni rahisi kusema Marekani ni tajiri na kufunga mazungumzo. Historia yao haikuanza hivyo. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia askari wao waliahidiwa bonasi ya kulipwa mwaka 1945. Njaa ya miaka ya 1930 ilipobana, maelfu yao wakaenda Washington na wake na watoto, wakajenga vibanda vya maboksi na mabati, wakataka kulipwa mapema. Julai 28, 1932 jeshi, likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, liliwafukuza kwa farasi, vifaru na mabomu ya machozi, vibanda vikateketea. Askari waliwatimua askari wenzao.

Wabunge wa miaka ya 1940 hawakuwa wamesahau moshi ule. Zaidi ya milioni 15 walikuwa wamevaa gwanda na wangerudi karibu kwa pamoja. Juni 22, 1944, wiki mbili baada ya majeshi kushuka Normandy, Rais Roosevelt akatia saini sheria ambayo watu wakaizoea kwa jina la GI Bill. Mpaka 1956 askari wa zamani wapatao milioni 7.8 walikuwa wameitumia kwa masomo na mafunzo, milioni 2.2 kati yao vyuoni. Shukrani ilikuwamo ndani ya sheria ile, lakini hofu ilikuwamo zaidi: heri wawe darasani kuliko wawe barabarani. Hofu kama hiyo, ya Kinshasa, ndiyo iliyozaa CONADER, ila sisi tuliitafsiri kuwa dola 25 kwa mwezi.

Na haikuwa sheria safi. Askari weusi wa majimbo ya kusini walirudi na haki ileile kwenye karatasi, wakakuta vyuo vya wazungu vimewafungia milango, vyuo vyao vyenyewe vimejaa, na maofisa wa mikoa wakiwaelekeza kwenye ufundi hata walipoomba masomo. Miaka ya karibuni wamekuja wafanyabiashara wa elimu, vyuo vya kibiashara vilivyowinda posho za askari. Kimoja kikubwa, ITT, kilifungwa ghafla Septemba 2016, maelfu ya askari wa zamani wakabaki wameshachoma miezi yao bila shahada, mpaka bunge likatunga sheria mwaka uliofuata kuwarudishia miezi yao waliofungiwa vyuo. Anayejua ni mara ngapi wizara yetu ya elimu ya juu imelazimika kuvifuta vyuo visivyo na maabara wala walimu, ataelewa kwa nini nalitaja hili mapema. Fedha ya askari ikifika mjini, chuo kitaota usiku mmoja katika nyumba ya vyumba vitatu.

Utaratibu wa leo unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu uzuri wake umo katika vitu vidogo. Askari akitoka jeshini kwa heshima anapewa karatasi ya kutokea, DD-214, inayosema alitumikia tangu lini hadi lini na ameondoka vipi. Kwa karatasi hiyo anaomba cheti cha kustahili. Aliyetumikia miaka mitatu kazini anapata asilimia 100. Pungufu ya hapo anapata kwa kiwango. Chuoni kuna karani maalumu ambaye kazi yake ni kuthibitisha kwa wizara ya askari wa zamani kwamba huyu kweli ameandikishwa na anasoma masomo kadhaa. Ada inalipwa moja kwa moja kwa chuo. Askari haioni wala hawezi kuila. Anachopewa mkononi ni posho ya nyumba, inayopimwa kwa gharama za mji kilipo chuo, na fedha ya vitabu isiyozidi dola 1,000 kwa mwaka. Akiwa chuo cha serikali katika jimbo lake, ada yote inafunikwa. Aliyetoka jeshini kuanzia Januari 2013 hana ukomo wa miaka; anaweza kusubiri mpaka mvi.

Wako watu wetu wanaoijua karatasi hiyo. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokewa Marekani. Mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake waliingia zaidi ya elfu 16. Walitoka Nyarugusu, Nakivale, Kakuma, wakafika Louisville, Grand Rapids, Portland ya jimbo la Maine. Mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu anaruhusiwa kujiunga na jeshi la huko hata kabla ya kupata uraia, na utumishi humfupishia njia ya uraia wenyewe. Kwa hiyo kuna vijana waliozaliwa na wazazi walioukimbia moto wa Kivu na Ituri, ambao leo wanasoma uuguzi au uhandisi kwa kulipiwa na jeshi. Baba zao walilitoroka jeshi ili wao waishi. Sisemi ni vizuri wala vibaya. Nasema tu kwamba mtoto wa Kongo amepata chuo kwa gwanda, ila gwanda si letu.

Askari waliosoma kabla yetu

Wazo la kumsomesha askari si la kutoka nje ya bara kabisa. Wakati wa vita ya Hitler, Waingereza waliunda Afrika Mashariki kikosi cha elimu cha jeshi, na askari wa KAR, jeshi lao la kikoloni huko, waliokuwa na masomo kidogo wakawafundisha wenzao kusoma na kuandika. Vita ilipokwisha, shule ya Jeanes ya Kabete, karibu na Nairobi, ikatumika kuwaandaa baadhi yao kwa kazi za maendeleo vijijini. Ilikuwa kidogo, na ilikuwa ya kikoloni, lakini mtu alipimwa kwa utumishi wake. Uganda ilipopunguza jeshi kati ya 1992 na 1995, ikiwarudisha nyumbani askari wapatao elfu 36, kifurushi cha kuondokea kilihesabu elimu ya watoto pamoja na mabati na majembe. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya askari wa zamani, namba 18 ya 2011, inataja msaada wa elimu kwa askari na kwa wanaomtegemea.

Kwetu, Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, ilipigana Tabora 1916 na kule Saïo, Ethiopia, 1941, ambako jenerali wa Kiitaliano alijisalimisha Julai 3 na maelfu ya watu wake. Askari wale walirudi na medali. Mmoja wa wale wa vita ya pili, mzee Albert Kunyuku, alisubiri mpaka Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipomvisha nishani mjini Kinshasa, akiwa na umri wa karne. Anayetaka mfano wa Mkongomani aliyepata elimu kwa njia ya jeshi la kikoloni hana budi kumtaja Joseph-Désiré Mobutu. Wamisionari wa Mbandaka walimtupa jeshini kama adhabu, jeshi likampeleka Luluabourg kusomea ukarani na uhasibu, akatoka 1956 akawa mwandishi wa habari, akafika Brussels. Mfano wenyewe, nakubali, hauisaidii sana hoja yangu.

Sasa tuutazame mji huu. Kisangani ina chuo kikuu tangu 1963, kilipoanzishwa na Waprotestanti kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kabla Mobutu hajakitia kwenye chungu kimoja cha chuo kikuu cha taifa, UNAZA, mwaka 1971 na kukitoa tena 1981 kwa jina la Unikis. Kuna ISP ya walimu, ISTM ya wauguzi na mafundi wa maabara, kuna taasisi ya kilimo yenye jina la Yangambi. Toleka, yaani teksi ya baiskeli, itakufikisha kwenye mojawapo kutoka karibu kila kambi ya mji, ukivumilia matope. Kizuizi hakijawahi kuwa umbali.

Kizuizi cha kwanza ni minervali, yaani ada ya chuo, na minervali haiji peke yake. Mwanafunzi analipa kuandikishwa. Kabla ya kila kipindi cha mitihani analipa kuingizwa kwenye orodha; jina lisipoonekana anabaki nje ya ukumbi na kalamu mkononi. Analipa silabasi za maprofesa, zilizopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Analipa mafunzo ya vitendo, analipa kazi ya mwisho wa masomo: kuichapa, kuifunga, kuiwasilisha. Kila kimoja ni kidogo ukikitazama peke yake. Mshahara wa askari, hata baada ya Rais Tshisekedi kutangaza Machi 2025 kuuongeza maradufu, una watoto kadhaa ndani yake na kodi ya chumba, kwa kuwa si kila askari anapata nyumba kambini. Mkate ukinunuliwa, silabasi inangoja.

Kizuizi cha pili Wamarekani hawakukijua kwa kiasi hiki, na ndiyo sababu sheria yao haiwezi kunakiliwa neno kwa neno. Chuo cha Kongo kinataka D6, diploma ya Serikali. Kadogo wetu wa darasa la tano hana hata cheti cha msingi. Ukimpa miezi 36 ya chuo kikuu umempa ufunguo wa nyumba isiyo na ngazi. Kwake haki hiyo ingebidi ianzie chini: madarasa ya kufidia yaliyopotea, kisha sekondari ya jioni, kisha mtihani wa Serikali kwa njia ya wale wanaojisomea wenyewe, ambao upo tayari na unaanza na mtihani wa mchujo. Kwa mtu mwenye miaka 40 na zamu za usiku, hiyo ni safari ya miaka sita au saba ikiwa atahamishwa mara chache. Baadhi wangeifanya. Nimewahi kukaa jirani na askari waliosoma kwa mwanga wa simu, na sidharau kiu ya mtu aliyenyimwa. Ila tusijidanganye kwamba wangekuwa wengi.

Wenye D6 wapo pia, na wanaongezeka. Novemba 3, 2022, waasi wa M23 walipokuwa wakisonga mbele Rutshuru, Rais alihutubia taifa akawaita vijana wajiandikishe. Maelfu walijitokeza nchi nzima, wa Kisangani wakiwamo, na miongoni mwao walikuwa wahitimu wa sekondari na wanafunzi wa chuo walioacha mwaka katikati. Huyu si kadogo. Huyu aliingia kwa hiari yake, na diploma yake iko nyumbani kwa mama katika bahasha. Kwake swali la minervali ni jepesi, maana ngazi anayo. Aliahidiwa nini siku ile aliyotia saini? Sare, chakula, mshahara, heshima ya taifa. Kama kungekuwa na mstari mmoja zaidi, kwamba baada ya miaka mitano ya utumishi safi Serikali itasimamia ada yako katika chuo chake yenyewe, gharama yake isingekuwa fedha inayotoka hazina kwenda nje. Unikis ni ya Serikali. Serikali ingekuwa inajisamehe ada katika chumba chake na kufidia kile ambacho chuo kinahitaji ili kiwashe taa.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, kwa sababu kila mtu Kongo hulitoa: askari hewa. Orodha za jeshi ziliwahi kujaa majina ya watu waliokufa, watoto wa makamanda na watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Hoja hii ni nzito lakini ni ya zamani kidogo. Tangu 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuhesabu askari kwa alama za vidole, kutoa vitambulisho, na kuutenganisha mkondo wa mishahara na mkono wa kamanda. Baadaye mishahara ikaanza kupitia benki. Hewa haijaisha, lakini anayelipwa kwa kidole anaweza kusomeshwa kwa kidole. Na hewa ina udhaifu mmoja mzuri hapa: haiwezi kufanya mtihani. Ada ikilipwa kwa chuo na si kwa mtu, na ikisimama pale mwanafunzi asipotokea kwenye orodha ya matokeo, mwizi atapata usumbufu mkubwa kwa faida ndogo.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi. Mama anayeuza kwanga karibu na kambi atauliza kwa nini askari asomeshwe bure na binti yake, ambaye baba yake hakuwahi kumpora mtu, alipe. Elimu ya msingi imekuwa bure tangu Septemba 2019. Kwa nini tusiendelee juu kwa wote? Sina jibu la kumnyamazisha, wala sidhani anapaswa kunyamazishwa. Raia wa mji huu wameteswa na magwanda ya kila rangi. Haki ya aina hii ingepaswa kumwangukia mwenye rekodi safi tu, kama Wamarekani wanavyodai karatasi ya kutoka kwa heshima, na aliyepora au kubaka asiione. Pengine hilo lingekuwa na faida ambayo semina za nidhamu hazijaleta: askari angekuwa na kitu cha kupoteza.

Na kuna kifungu ambacho, kama ningeruhusiwa kuandika kimoja tu, ningekiandika kwanza. Sheria ya Marekani inamruhusu askari aliyetumikia miaka sita, akikubali kuongeza minne, kumwachia mke au mtoto wake miezi ile 36, yote au sehemu. Kule ni kifungu cha kuwashawishi wabaki jeshini. Hapa kingekuwa kiini cha sheria yenyewe. Koplo wa miaka 40 hatakaa benchi moja na watoto wa miaka 18 kusoma sheria au baiolojia, na wengi wa umri wake wangekuambia hivyo bila aibu. Lakini binti yake aliyezaliwa Kisangani, akaanza shule Beni, akaimaliza sekondari Bunia kwa sababu baba alihamishwa mara tatu, huyo ana D6. Anachohitaji ni barua moja yenye namba ya jeshi ya baba yake, ipokewe na sekretarieti ya Unikis kabla ya orodha ya mitihani kufungwa.